Chupa Yenye Kitambaa cha Maua

12 Februari

Mwanangu Chiriku,

Mimi nimeamka, mgongo nao umeamka na maneno yake, lakini hayo tuyaache. Nimekaa kuandika haraka kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitakuonea huruma.

Kreti la kwanza la chupa tupu limefika. Mwanangu, ulipokuja hapa na yule tajiri wako, Bibi Mizani, mkakaa kwenye viti vyangu mkailamba siagi yangu ya karanga vidoleni, mliniambia nini? Mliniambia dukani kwenu plastiki haiingii tena. Kila kitu kwenye chupa za kioo. Mteja akimaliza anarudisha, duka linanipakilia, mimi naosha, najaza, narudisha. Nikasema haya. Nikayaweka kando makopo yangu ya plastiki, mepesi, mtu anakula anatupa, kila mmoja na hamsini zake. Na wewe kwa mdomo wako huo ukasema, "Mama, usiwe na wasiwasi, chupa zitarudi zimesuuzwa."

Zimesuuzwa na nani? Njoo unionyeshe huyo mtu.

Nimefungua ya kwanza, imejaa maji na vishungi vya sigara vimevimba kama maharage ya jana. Ya pili, kucha. Kucha za miguu, Chiriku! Mtu amekaa kitandani kwake, amekata kucha, ametafuta pa kuziweka, akaiona chupa ya mama yako. Ya tatu kulikuwa na mende, baba, mama na ukoo mzima, na walinitazama kana kwamba mimi ndiye nimeingia kwao bila hodi. Nyingine ina jino la bandia limeng'ang'ania kwenye siagi kama linaendelea kula. Nimeliweka dirishani, mwenyewe akiuliza aambiwe lipo.

Lakini iliyonishinda kabisa si hizo. Ni moja iliyokuwa safi. Nikafurahi, nikasema walau huyu ana mama. Nikaiinua kwenye mwanga, nikaona mistari ya ulimi. Mtu ameilamba mpaka ndani, sijui ulimi wake ni wa namna gani, akafunga kifuniko akarudisha. Nilikwenda nje nikatema mate mpaka koo likakauka.

Unanijua, mimi si mtu wa kinyaa. Nilipokuwa na mimba yako nilitafuna mkaa mpaka meno yakawa meusi, marehemu baba yako akasema ameoa jiko. Lakini hii imenizidi. Nimenunua glavu za mpira, zile ndefu za kufika kiwikoni. Mama Redio, jirani, ameniuliza kama nimeanza kazi ya kuosha maiti.

Chupa nimejaza, nimekutumia. Moja nimeifunga shingoni kitambaa cha lile gauni langu la maua. Hiyo si ya kuuza, ni yako, nimetia pilipili unavyopenda. Barua nimeiweka chini ya magazeti ya kreti. Kwenye simu siwezi kukuuliza kitu, unasema "niko sawa Mama" kabla sijamaliza kuvuta pumzi.

Na ile habari nyingine, je? Siulizi. Nimeuliza tu.

Mama yako


20 Februari

Mama yangu mpenzi, mama wa glavu,

Nimecheka mpaka Bibi Mizani ameacha kupima mchele akaja kuuliza nimepatwa na nini. Nikamsomea kipande cha mende. Akasema, "Mwambie mama yako wale mende ni bure, hatumtozi."

Jino tumempata mwenyewe! Ni yule fundi saa wa mtaa wa nyuma. Amekuja ameziba mdomo kwa leso, anauliza kwa aibu kama kuna "kifaa" kimepatikana. Kitume, masikini, anakula uji tu.

Sasa nikuambie na mimi ya kwangu, usikasirike. Unaona kinyaa kwa chupa za watu, je makopo yako? Lile la mafuta unalotunzia vitunguu, limekuwa manjano, ukilifungua linanuka hata likiwa tupu. Lile la aiskrimu unalolowekea samaki, kisha kesho unawekea unga! Mama, plastiki inakunywa harufu. Kioo ukikiosha kimeoshwa. Halafu nenda nyuma ya nyumba, kwenye mfereji, uangalie kilichouziba. Mimi nilikiona nilipokuja, nikanyamaza kwa kuwa Bibi Mizani alikuwepo.

Na tuseme la maana. Rafu yako ipo mbele kabisa, mtu akiingia anakutana nayo. Bibi Mizani amesema wazi: kwenye plastiki hataki, hata iwe tamu namna gani, na yupo mama mwingine wa karanga anayesubiri nafasi hiyo mate yakimdondoka. Mimi ndiye niliyesema mama yangu hawezi kushindwa. Nataka uache kukaa barabarani na beseni, jua lako mvua yako, magari yanakurushia tope kwenye karanga. Vumilia. Wateja tutawafundisha kusuuza, hata kwa kuwagombeza.

Ile yenye kitambaa nimeificha stoo, naila kwa kidole. Mkwe wako akitaka anipigie magoti.

Kuhusu ile habari nyingine: hakuna. Na siku ikiwepo, Mama, nakuomba. Mara ile uliwatangazia mtaa mzima hata mimi mwenyewe sijazoea, ukashona na vikofia. Ilipoharibika nilipewa pole mpaka na muuza mkaa. Sitaki tena kupewa pole na muuza mkaa.

Wako anayekupenda,
Chiriku


15 Machi

Chiriku wangu,

Jino limo humu, nimelifunga kwenye karatasi. Nimelichemsha. Mwambie fundi saa sijalichemsha kwa ajili yake, nimelichemsha kwa ajili yangu.

Lile la muuza mkaa nimelisoma. Nimelisikia.

Nimekwenda kwenye mfereji kama ulivyosema. Afadhali usingesema. Makopo yangu, mwanangu. Nayajua kwa vifuniko vyake vya buluu, nilivinunua mwenyewe. Yamelala yamepangana kama yamewekwa na mtu, yamezuia maji, maji yamekuwa meusi yana utando juu, na katikati panya amevimba, tumbo linataka kupasuka, amekumbatia kopo langu. Karanga zangu ndizo zilimwita. Nimesimama pale nimeziba pua na gauni, nikasema haya yote yametoka kwenye mkono wangu. Nimeyaopoa kwa reki. Harufu ile imeniingia kwenye nywele, nimeziosha bado naisikia nikigeuza shingo.

Kwa hiyo huku kinyaa, kule kinyaa. Niende wapi?

Chupa nazo zinaendelea na vituko vyake. Nimejua sasa namna ya kuzifanya. Nazilaza kwenye maji ya moto na majivu, gundi ya lebo inaachia yenyewe, kisha brashi, kisha nazichemsha, kisha jua. Shida ni kifuniko, ule mpira wa ndani. Mtu akiweka mafuta ya taa, mpira unayashika. Nanusa kimoja kimoja kama mbwa wa polisi. Juzi nimenusa kimoja, sitaki kusema, lakini kama si mkojo basi ni ndugu yake. Nimekitupa, nikalala bila kula. Vifuniko vipya nitumie.

Mama Redio anasema mimi sasa ni mtumishi wa mate ya watu wa mjini. Nikamwambia, "Wewe je, mtumishi wa maneno ya watu?" Amenuna kidogo, ila amerudi jioni. Hana pa kwenda.

Chupa yako yenye kitambaa ipo kwenye pembe. Kula. Kwenye ile picha uliyoleta mashavu yamepungua.

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Salamu. Vifuniko vipya nimekuwekea.

Naomba barua usiiweke tena ndani ya kreti. Mpe dereva mkononi. Inanuka karanga. Na ile chupa ya pilipili usinitumie, sina hamu nayo. Nikifungua tu stoo asubuhi, harufu yote ya siagi inanijia usoni, natoka nje. Kila kitu hapa kinanuka. Sabuni ya sakafu inanuka, magunia yananuka, mkwe wako akirudi kazini na jasho lake la kuchomelea vyuma namwambia akakae barazani.

Kazi ni nyingi. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Mwanao


10 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaigeuza nyuma nione kama kuna mengine. Hakuna. Hata jina lako hukuweka. Chiriku ameruka, amebaki "mwanao".

Inanuka karanga. Sawa. Karanga hizo zilinunua daftari zako, na sare yako ilinuka karanga, na kitanda ulicholalia kilinuka karanga, na wewe mwenyewe ulikuwa ukinikumbatia unasema "Mama unanukia kama chakula". Leo zinanuka. Umekaa na watu wa kupima vitu kwenye mizani ya shaba, na mimi umenipima, ukaona sifai.

Basi niseme. Mimi huku nashika kucha za watu. Nashika makohozi. Wiki hii nimetoa kwenye chupa bandeji yenye usaha umekauka, imeganda kwenye kioo kama imepigwa gundi, nimeibandua kwa kijiko na kijiko nimekitupa. Natapika kidogo, nafuta mdomo, naendelea, nasema ni kwa ajili ya mwanangu, asiaibike mbele ya tajiri wake. Kumbe mwanangu mwenyewe anaona kinyaa na karatasi niliyoishika!

Sitaki tena. Mwezi ujao narudi kwenye makopo yangu na beseni langu. Mwambie Bibi Mizani ampe yule mama mwingine hiyo rafu, na panya wangu wa mferejini nitajuana naye.

Chupa yako nimeituma hivyo hivyo. Sikutia pilipili. Usipokula mpe paka.

Mama


21 Aprili

Mama,

Sikuonei kinyaa. Jamani Mama. Nimelia mpaka nimelazimika kusema nimekata vitunguu.

Siwezi kukueleza vizuri, na usinilazimishe. Ni uchovu. Ni joto. Itapita. Ninachokuomba ni kimoja tu, usiache chupa. Bibi Mizani sijamwambia na simwambii. Ukirudi barabarani na beseni lako sasa hivi, mimi sitaweza kulala, na ninahitaji kulala. Nipe muda kidogo tu, kisha unigombeze utakavyo, hata uje unigombeze mbele ya wateja.

Na chupa yenye kitambaa sikumpa paka. Ipo hapa chini ya kaunta, karibu na miguu yangu. Naitumia kila siku.

Mwanao


29 Aprili

Chiriku,

Ungesema hivyo tangu mwanzo! Naitumia kila siku, hilo neno limenishusha presha kuliko vidonge. Nilijua tu njaa itakurudisha kwenu.

Haya, chupa siachi. Siachi kwa sasa. Nimejaza, nimesema na dereva, barua hii ameiweka mfukoni mwa shati, kama itanuka itakuwa jasho lake. Kwenye yako nimetia pilipili maradufu, ikufungue kifua. Ile ya zamani ikiisha itume tu na nyingine.

Leo nimetoa mjusi. Alikuwa hai. Ameondoka bila kuaga.

Mama yako


6 Mei

Mama,

Naandika haraka, dereva ananisubiri injini inawaka. Kama kreti la juzi hujalifungua, ile chupa yenye kitambaa usiifungue. Ina ufa, itakukata. Itupe shimoni pamoja na kifuniko chake, hata usiitingishe. Nilikuwa nimetoka nje kidogo, mpakiaji wa makreti akapita chini ya kaunta akakusanya kila chupa aliyoiona, na hii akaichukua. Alidhani anasaidia.

Tafadhali Mama. Usifungue.

Mwanao


8 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika, lakini kreti lilitangulia. Chupa haina ufa.

Nakuambia ilivyokuwa. Nilikuwa nje na glavu zangu, Mama Redio amekaa kwenye kigoda ananipa habari za harusi iliyovunjika. Nikaiona yako, nikaijua kwa kitambaa. Nikasema hii namaliza nayo, ni safi, mwanangu hawezi kunirudishia uchafu. Nikafungua.

Chiriku, kwa uchafu wote nilioushika tangu mwezi wa pili, hakuna ulionipiga kama ule. Ilikuwa na joto la safari, imechacha, imevimba, kifuniko kiliruka chenyewe. Mama Redio aliinuka na kigoda kimemng'ang'ania, akakimbilia ukutani, "Aka! Aka! Hayo ni matapishi ya mtu!" Macho yakanitoka machozi. Nilikuwa tayari kuitupa yote, kioo na kitambaa, na kukuandikia barua ambayo usingeisahau.

Ndipo nikaona vipande vyeusi. Nikadhani ni mende. Nikakitazama kimoja kwenye ncha ya glavu, nikakiponda, kikaacha weusi kwenye kidole. Mkaa.

Nikafunga kifuniko taratibu. Mama Redio kule ukutani anauliza, "Ni nani huyo mshenzi?" Nikamwambia, "Mteja mmoja hivi, mlevi. Nitamwandikia mwanangu amfukuze." Akasema, "Amfukuze na fimbo." Nikasema ndiyo, na fimbo. Akaondoka kwenda kutapika kwake.

Nilipobaki peke yangu nikavua glavu. Sijui kwa nini, hazikunikaa tena mikononi. Nimeiosha kwa mikono mitupu, maji ya moto, majivu kidogo, kidole kikazunguka ndani mpaka kwenye pembe za chini. Kitambaa nimekifua. Harufu ilikuwa ile ile, mwanangu, usidhani ilikuwa ua. Lakini tangu una meno mawili umenitapikia mabegani, naijua, ni harufu ya kwetu. Kisha nikakaa chini nikacheka na kulia, jogoo wa jirani akanitazama.

Sijauliza kitu. Angalia barua hii yote, sijauliza. Mdomo wangu nimeufunga kama kifuniko, na mpira wake ndani. Hata mama yako mdogo hajui. Cherehani nimeifunika shuka, sijashona, sitashona mpaka useme wewe. Muuza mkaa akipita nampa salamu ya kawaida, nanunua mkaa wa kupikia, basi.

Ila kama kuna mtu yeyote mjini huko, simjui ni nani, harufu zinamkera, mwambie asubuhi kabla hajakanyaga chini atafune mkate mkavu. Aende kliniki asichelewe, na huko auseme na huo mkaa, asifiche. Siagi aiache, haitakimbia.

Chupa siachi. Fikiria ungekuwa na kopo la plastiki. Ungelitupa mferejini, nami ningekuwa hapa mpaka leo nimekununia, nasema mwanangu amekuwa mtu wa mizani. Bibi Mizani mwambie mzigo wa karanga utakuja kama kawaida. Wateja wake nao waambie kinyaa changu kwao kipo pale pale, hakijapungua hata chembe, na yule wa kucha nikimjua nitakwenda kumkata mwenyewe.

Yako nakurudishia tupu. Imechemshwa, imekaa juani, kifuniko kipya. Iweke pale pale chini ya kaunta na uitumie kwa kazi ile ile. Ikijaa usihangaike kuiosha, kuinama si kuzuri na harufu itakuzidisha. Ifunge, iweke chini ya magazeti.

Nirudishie, nitaosha mimi.

Mama yako


19 Mei

Mama,

Kuna mtu mjini huku ameanza kutafuna mkate mkavu. Unasaidia kidogo. Kliniki amekwenda, moyo ameusikia unapiga. Anasema cherehani ibaki imefunikwa kwanza, lakini shuka unaweza kuikung'uta vumbi.

Chupa yenye kitambaa imo kwenye kreti, pembe ya kushoto, chini ya magazeti. Sijaiosha.

Chiriku